Lita 40 au lita 65? Kufungasha kwa safari ndefu ya tropiki

Ukitangaza kwamba unasafiri miezi mitatu kwenye tropiki, kila mtu anakuwa na kitu cha kukuongezea begini: tochi ya pili, viatu vya akiba, blanketi, sufuria ndogo. Wahenga walishayaona haya, wakasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wanaokushauri si wao watakaoupandisha ghorofa ya nne saa nane mchana, shati limegandamana na mgongo.

Mimi nilifungasha vibaya mara mbili kabla sijafungasha vizuri. Mara ya kwanza nilibeba kilo 19. Kwamba kilo 19 ni nyingi nililijua siku ileile, pale stendi. Kilichonichukua wiki kadhaa kukigundua ni kwamba nusu ya vile vitu haikuwahi kukauka. Joto la tropiki unalizoea baada ya wiki moja au mbili, lakini unyevu huzoeleki. Nguo iliyofuliwa jioni ikaamka mbichi haivaliki, kesho yake inatoa uvundo, na ukiisahau chini ya begi inaota koga. Ndiyo maana katika kulinganisha vitu hapa chini swali langu la kwanza ni hili: kati ya hivi viwili, kipi kinakauka kwa usiku mmoja ndani ya chumba? Uzito nauuliza baadaye, kwa sababu kitu kinachokauka upesi hakihitaji mwenzake. Mashati matatu yanayokauka yanatosha miezi mitatu kama yanavyotosha wiki moja.

Anayekwenda sehemu kavu za tropiki, au msimu wa kiangazi, apunguze ukali wa hukumu zangu kidogo. Huko hata jinzi inakauka.

Begi: lita 40, lita 65, au sanduku la magurudumu

Begi la mgongoni la lita 40 lina sifa moja inayozidi nyingine zote, nayo ni kwamba linaingia kabini. Vipimo vya mzigo wa mkononi vinatofautiana kati ya shirika na shirika, lakini sentimita 55 kwa 40 kwa 20 ni vya kawaida, na ukizidisha unapata lita 44. Hutasimama kwenye mkanda wa mizigo ukisubiri, na begi lako halitatangulia mji ambao wewe huendi.

Ubaya wake uko kwenye mizani. Mashirika mengi yanaruhusu kilo 7 tu mkononi, mengine 8 au 10, na begi tupu lenye fremu na mikanda minene linaweza kumeza kilo moja na nusu kabla hujatia hata soksi. Hivyo unapochagua kati ya mabegi mawili ya lita 40, uzito wake likiwa tupu una maana kuliko idadi ya mifuko. Kabini ina masharti mengine pia. Kisu cha kukunja hakipiti. Vimiminika vikae kwenye chupa zisizozidi mililita 100, zote ndani ya mfuko wa plastiki wa lita moja. Viwanja kadhaa vimelegeza sharti hilo, ila safari ndefu inapita viwanja vingi, na kimoja kikali kinatosha kukunyang'anya mafuta ya mbu. Jipangie kwa kile kikali.

Begi la lita 65 ni la mtu anayelala kwenye hema, au anayebeba vifaa vya kazi visivyopunguzika. Likiwa tupu linakaribia kilo 2, linaingia tumboni mwa ndege, na ndani ya basi dogo linakaa juu ya magoti yako au juu ya paa kwenye mvua. Lakini kasoro yake kubwa ni sisi wenyewe: nafasi tupu begini haiachwi tupu. Sijawahi kuona mtu aliyenunua begi kubwa akasafiri nalo nusu.

Sanduku la magurudumu hudharauliwa na wasafiri wa mabegi, na mimi nadhani wanalionea. Kama unakaa mji mmoja wiki sita kisha mwingine wiki sita, au mgongo wako una matatizo, lichukue bila aibu. Lina sehemu ngumu ya kukaa nguo na linaendeshwa kwa vidole viwili. Magurudumu yanashindwa kwenye tope, mchanga, ngazi na barabara ya changarawe. Anayehama kila baada ya siku tatu atakutana na vyote vinne ndani ya wiki ya kwanza.

Uamuzi wangu ni lita 40, pamoja na kimfuko chepesi cha kukunjwa kwa matembezi ya mchana. Na kwa mvua, usitegemee kile kifuniko cha nje kinachouzwa pamoja na begi. Maji hushukia mgongoni, yanapenya kwenye mikanda na kujikusanya chini ya kifuniko chenyewe. Mfuko mmoja mnene wa plastiki *ndani* ya begi, mdomo wake ukasokotwa na kukunjwa, unalinda vizuri zaidi, na ukitoboka unatafuta mwingine.

Nguo: pamba, poliesta, sufu ya merino

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu ushauri wa zamani, "joto, vaa pamba", ni nusu ya ukweli. Pamba inapendeza mwilini, haishiki harufu haraka na ni rahisi kupatikana. Lakini nyuzi zake hunywa maji. Hata ikiwa imekauka, katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Ziloweshe zote mbili, zikamue, zitundike kwenye chumba chenye unyevu: poliesta nyembamba inavalika asubuhi, fulana nene ya pamba bado ni ya baridi ukiigusa kwapani.

Poliesta nayo ina dhambi yake, nayo inajulikana na kila aliyekaa karibu na mtu aliyeivaa siku mbili. Mafuta ya jasho hung'ang'ania nyuzi zake, bakteria wanayala, na kuna siku shati litaanza kunuka dakika kumi baada ya kulivaa ingawa limefuliwa. Dawa yake ni kulifua kila jioni, bila kuruka. Kama unajijua ni mvivu wa kufua, usichague poliesta tupu.

Sufu ya kondoo wa merino inawashangaza wengi: sufu, kwenye joto? Nyuzi zake ni nyembamba sana, hazichomi ngozi kama sweta la bibi, na inakaa siku tatu hata nne bila kutoa harufu. Hunyonya unyevu mwingi kabla hujauhisi. Haikauki upesi kama poliesta, inatoboka kwa urahisi chini ya mikanda ya begi, wadudu wanaipenda, na bei yake ni ya juu kuliko hizo nyingine kwa mbali. Kitani, kwa mwenye nacho, ni kizuri kuliko pamba: kinapitisha upepo na kinakauka upesi, ila kinajikunja kama uso wa mzee.

Mimi nachukua shati moja la merino kwa siku za safari ndefu zisizo na bomba la maji, na mashati mawili mepesi ya mchanganyiko wa pamba na poliesta, yenye mikono mirefu na mapana. Mikono mirefu kwa sababu inafanya kazi tatu, jua mchana, mbu jioni, na heshima mahali pa ibada, ilhali fulana ya mikono mifupi haifanyi hata moja. Kuhusu rangi, epuka buluu iliyokolea na nyeusi kama utapita kwenye mapori yenye mbung'o. Rangi hizo zinawavuta kiasi kwamba mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizohizo.

Suruali mbili nyepesi, kaptura moja, nguo za ndani nne, soksi jozi tatu. Jinzi ibaki nyumbani: jozi moja ina uzito wa suruali mbili nyembamba au zaidi, na kwenye msimu wa mvua inachukua siku mbili kukauka. Taulo nene nalo libaki. Kwa kipande cha kitambaa chepesi unajifuta, unajifunika, nacho kinakuwa pazia. Kina kazi nyingine pia. Shati ulilofua lilaze juu yake, vikunje pamoja kama mkeka, kisha visokote kwa nguvu zote. Maji yanayotoka hapo ndiyo tofauti kati ya shati kavu na shati bichi asubuhi.

Na sweta moja jembamba, ndiyo. Joto hushuka kwa nyuzi kama 6 kila unapopanda mita 1,000. Quito, mji mkuu wa Ekuado, iko karibu kabisa na ikweta, lakini kwa kuwa iko mita 2,850 juu ya usawa wa bahari, usiku wake unataka koti. Mabasi ya usiku yenye kiyoyozi yanataka zaidi ya koti.

Miguu

Viatu vya ngozi vya kupandia milima, hata vile vyenye utando wa kuzuia maji, ni vya nchi za baridi. Kwenye tropiki maji hayaingii kwa kupenya. Yanaingia kwa juu, kutoka kwenye mto uliouvuka au mvua iliyokushukia mguuni, na utando uleule unaozuia maji kuingia unayazuia yasitoke. Ngozi inaota koga kabla ya mwisho wa mwezi. Chukua viatu vyepesi vya kukimbilia vya kitambaa chenye matundu, vinavyoloa upesi na kukauka upesi, pamoja na sandali zenye mikanda ya kushika kisigino. Kandambili ni za bafuni tu. Peku usitembee, hata kwenye mchanga ulio laini: minyoo ya safura huingilia kwenye nyayo, na funza hawaombi ruhusa.

Mvua: koti au mwavuli

Nitakuwa mfupi. Koti la mvua lililofungwa hadi shingoni kwenye nyuzi 30 linakulowesha kwa ndani badala ya nje. Mwavuli mdogo wa kukunja una gramu 250 hivi, unaacha upepo upite, na mchana ni kivuli. Unashindwa na dhoruba, pikipiki na njia nyembamba za msituni. Kama safari yako ina mambo hayo, ongeza poncho nyepesi, ambayo inafunika begi pia. Koti liache.

Mbu: nini cha kujipaka, nini cha kulalia

Mafuta ya mbu yanayoaminika yana ama DEET ama ikaridini. DEET ilitengenezwa na jeshi la Marekani mwaka 1946 na bado ni kipimo cha kulinganishia nyingine. Ya asilimia 20 hadi 30 inakinga saa kadhaa. Tatizo lake kwa msafiri ni kwamba inayeyusha plastiki. Kioo cha saa, fremu ya miwani, gamba la simu na nguo zenye spandeksi (nyuzi zinazovutika) vyote vinaharibika vikiguswa na mikono iliyopakwa. Pamba, sufu na nailoni haizidhuru. Ikaridini ya asilimia 20 inakinga kwa kiwango kinachokaribiana, haina harufu kali, haigusi plastiki. Kwa begi dogo ambalo kila kitu kinagusana na kila kitu, nachagua ikaridini, na DEET naiweka ya pili pale ikaridini inapokosekana. Yoyote utakayotumia, mafuta ya kukinga jua yatangulie, ya mbu yafuate.

Kumbuka kwamba kuna mbu wa zamu mbili. *Anopheles*, mwenye malaria, anauma kuanzia jioni hadi alfajiri. *Aedes aegypti*, mwenye homa ya dengue, Zika na chikungunya, anauma mchana. (Hilo la mwisho ni jina la Kimakonde, linaloeleza jinsi maumivu ya viungo yanavyomkunja mgonjwa.) Anayejipaka jioni tu amejikinga na zamu moja.

Chandarua kibebwe au kisibebwe? Kwenye vyumba vyenye nyavu madirishani au kiyoyozi ni mzigo wa bure. Kwenye nyumba za wageni za bei ya chini na vijijini, chandarua chako kisicho na matundu ni bora kuliko cha wenyeji kilichochanika. Kile cha kutundikwa kwa kamba moja kinafungika kirahisi. Cha pembe nne kina nafasi ya kulala bila kugusa wavu, ila kinataka misumari minne ambayo chumba hakina. Mwenye kamba ya mita chache anamaliza ugomvi huo, na kamba hiyohiyo inaanika nguo.

Kinga ya malaria, ikihesabiwa kwa vidonge

Uchaguzi wa dawa ni wa daktari, kulingana na unakokwenda na afya yako. Lakini wachache wanaambiwa mapema kwamba dawa hizi zinatofautiana pia kwa wingi wa kile utakachobeba. Hivi ndivyo inavyokuwa kwa mtu mzima atakayekaa siku 90 kwenye eneo la hatari:

| | Atovakwoni na proguanili | Doksisaiklini | Meflokwini |
|---|---|---|---|
| Kumeza | 1 kila siku | 1 kila siku | 1 kila wiki |
| Kuanza kabla | siku 1–2 | siku 1–2 | angalau wiki 2 |
| Kuendelea baada ya kuondoka | siku 7 | wiki 4 | wiki 4 |
| Jumla ya vidonge | 99 | 120 | karibu 19 |

Ukitazama safu ya mwisho ya mstari wa mwisho utadhani meflokwini imeshinda. Ngoja. Inaweza kuleta ndoto mbaya, wasiwasi na kizunguzungu, na mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo la kiwango cha juu kuhusu madhara ya akili na mishipa ya fahamu. Aliyewahi kuwa na sonona au kifafa asiiguse. Pia kuna mipaka ya Thailand na Kambodia na Myanmar ambako vimelea vimeizoea. Faida yake kuanza mapema ni kwamba ukiwa hupatani nayo unajua ukiwa bado nyumbani.

Doksisaiklini ni ya bei ya chini, na ndiyo inayotumiwa na wengi kwa safari ndefu. Ila inaifanya ngozi iungue na jua kwa urahisi, jambo la kuzingatia mahali ambapo jua liko utosini. Imeze kwa maji mengi ukiwa umekaa wima, usilale papo hapo, maana kidonge kikikwama kinachoma umio. Wajawazito na watoto wadogo hawapewi. Atovakwoni na proguanili inavumilika vizuri na inakoma siku saba tu baada ya safari; imezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Kwa miezi mitatu gharama yake inauma. Kwa wiki tatu nisingefikiri mara mbili.

Vyovyote utakavyopewa, viache vidonge kwenye paketi zake za foili. Niliwahi kuvihamishia vyangu kwenye kichupa kimoja ili kuokoa nafasi, na baada ya mwezi nilikuwa na donge moja la rangi ya njano. Nunua dozi nzima kabla ya kuondoka, kwani dawa bandia zipo.

Kwenye bahasha hiyohiyo weka kadi ya chanjo ya homa ya manjano kama unapita nchi zinazoidai. Chanjo inatambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, si siku ileile, na tangu Julai 11, 2016 cheti chake ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10.

Maji na umeme, kwa haraka

Vidonge vya klorini ni vyepesi kuliko vyote: kimoja kwa lita, subiri dakika 30. Haviwaui *Cryptosporidium*, wale vijidudu wa kuhara. Kichujio chenye vitundu vya mikroni 0.1 kinawazuia hao na bakteria, lakini virusi vinapita. Taa ya miale ya urujuanimno inaua vyote kwa maji maangavu, na haifai kitu maji yakiwa na tope au betri ikiisha. Kuchemsha kwa dakika 1 (dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000) kunashinda vyote, kama una jiko. Kwa safari ya mijini nabeba vidonge tu. Porini, kichujio pamoja na vidonge.

Pawabenki (betri ya kuchajia simu) ya mAh 20,000 ni sawa na Wh 74, yaani wati-saa 74, chini ya kikomo cha Wh 100 kinachoruhusiwa bila kuomba kibali, na lazima iwe mkononi, si kwenye mzigo wa chini. Kamera itakutaabisha kwa jambo jingine: ukiitoa kwenye chumba cha kiyoyozi kwenda nje, lenzi inalowa ukungu papo hapo. Itoe ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa, usubiri ipate joto la nje.

Jaribio la wiki moja kabla

Kuliko kusoma orodha za watu, na hii ikiwemo, fungasha kila kitu siku saba kabla, upime begi, kisha tembea nalo saa nzima mchana, ukipanda na ngazi. Jioni fua nguo ulizovaa, zisokote kwenye kile kitambaa, ukazitundike bafuni mlango umefungwa, mahali panapofanana zaidi na chumba cha msimu wa mvua kuliko uani kwako. Alfajiri zishike kwapani na kwenye kiuno. Katika jaribio langu la mwisho nilitoa suruali moja, fulana mbili na taulo, begi likashuka kutoka kilo 8.6 hadi 6.8, na ile suruali ilikuwa bado inadondosha matone saa nne asubuhi.